Msharasi na Ala: Historia Fupi ya Ngozi Ishonwayo kwa Mkono

Katika kitabu hiki cha kumbukumbu, ambacho Chama Kikuu chetu kimekitoa kwa kutimiza miaka kumi, wengine wameandika juu ya mizani, maghala, mikopo na bei. Sisi tumepewa kurasa chache tueleze habari za kazi ndogo, ambayo haimo katika hesabu za mwaka za chama chochote, nayo ni kazi ya kushona ala za ngozi kwa mkono. Ala tunazokusudia ni zile za visu, za panga, na za mikasi ya kupogolea mibuni na michungwa, ambazo mkulima huzifunga kiunoni aendapo shambani. Hapa Mwananyamala, upande wa Kinondoni katika jiji la Dar es Salaam, tumo watu tunaoshona ala hizo saa za jioni, baada ya kazi za riziki, si kwa kutafuta mali bali kwa kuipenda kazi yenyewe.

Lakini mtu akiishika ngozi na msharasi kwa muda wa miaka, hana budi kuuliza maswali. Ngozi hii imetoka wapi? Ni nani walioishona zamani katika nchi hii? Na kwa nini, katika nchi yenye ng'ombe wengi namna hii, ngozi nzuri ni adimu hivi? Majibu ya maswali hayo ni historia, na historia hiyo yawahusu wanachama wetu wote, wafugaji na wasiofuga.

PWANI YA MISHONO

Kitabu cha kale kabisa kielezacho pwani yetu kwa urefu ni kile kiitwacho Periplus cha Bahari ya Eritrea, kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza baada ya Kristo. Mwandishi wake alikuwa mtu aliyezijua njia za wafanyabiashara waliotoka Misri kuja Bahari ya Hindi. Asimulia kwamba bandari ya mwisho ya pwani ya Azania ilikuwa mji uitwao Rhapta. Wanachuoni wangali wanabishana juu ya mahali ulipokuwa mji huo, ila wengi wao huuweka katika pwani ya Tanzania ya leo, na baadhi yao huutafuta karibu na mlango wa mto Rufiji. Jina lenyewe, asema mwandishi, lilitokana na mashua za huko, ambazo mbao zake hazikupigwa misumari bali zilishonwa kwa kamba. Basi mji wa kwanza wa kusini unaojulikana kwa jina katika maandishi ulipewa jina kwa sababu ya mshono.

Mtindo huo wa kushona vyombo haukupotea upesi. Mitepe ya pwani ya Lamu, iliyoungwa kwa kamba za makumbi ya nazi, iliendelea kusafiri hata mwanzoni mwa karne ya 20. Fundi wa mtepe alitoboa ubao, akapitisha kamba, akaivuta mpaka mbao mbili zikawa kama ubao mmoja. Ashonaye ala leo hufanya mambo yale yale, ingawa kwa kipimo kidogo.

Periplus kina jambo jingine linalotuhusu zaidi. Katika orodha ya bidhaa zilizoletwa Azania yatajwa mikuki iliyofanywa Muza, katika nchi ya Yemeni, na mashoka, na visu vidogo, na vyombo vya kioo, na pamoja na hivyo, misharasi. Chombo hiki ni chuma chembamba chenye ncha na mpini mfupi, na kazi yake ni kutoboa ngozi ili uzi upite. Kwa hiyo karibu miaka 2000 iliyopita kulikuwa na watu wa pwani hii walioutaka msharasi kiasi cha kumfanya mgeni auchukue baharini safari ya majuma mengi, akijua kwamba atampata mnunuzi.

Bara nako kulikuwa na ufundi wake. Simi za Wamaasai na za Wakamba hutiwa katika ala za ngozi juu ya mbao nyembamba mbili. Ngozi hukatwa ingali mbichi, hushonwa ikiwa na maji, kisha huachwa ikauke. Ikaukapo hujikaza yenyewe juu ya mbao, ikawa ngumu, na aghalabu hupakwa rangi nyekundu. Mhenga aliyesema "ngozi ivute i maji" alikuwa akiwaonya wazazi juu ya malezi ya watoto, lakini maneno hayo ni kweli tupu kwa mshona ala. Ngozi ikiisha kukauka haitii tena mkono wa mtu.

Miji ya pwani ilikuwa na ala za majambia, zilizopambwa kwa fedha kwa mtindo wa Oman, na makubadhi, ambayo mafundi wa Lamu, Mombasa na Unguja waliyashona kwa ngozi na kuyatia nakshi. Kutoka Bara Hindi walikuja pia mafundi wa jamaa ya Mochi, ambao kazi ya ngozi kwao ilirithiwa na mwana kwa babaye, wakaketi mijini wakishona viatu na hatamu. Kwa ufupi, ufundi wa kushona ngozi haukuwa mgeni wala haukuwa mali ya kabila moja. Pwani na bara, Mwarabu, Mhindi na Mwafrika, kila mmoja alikuwa na mkono wake katika kazi hiyo.

NGOZI YAENDA, VIATU VYARUDI

Katika karne ya 19 ngozi iligeuka kuwa bidhaa ya kupelekwa mbali ikiwa ghafi. Mwaka 1833 Seyyid Said bin Sultan alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wao wa kwanza, Richard Waters, akafika Unguja. Yeye alikuwa mtu wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, na merikebu za Salem ndizo zilizoifanya biashara hiyo istawi. Zilileta nguo ya pamba, ambayo mpaka leo twaiita merikani kwa jina la nchi yao, nazo zikachukua pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Ngozi hizo zilikwenda mahali ambapo kazi ya viatu ilikuwa ikikua haraka, maana katika miji jirani na Salem, kama vile Lynn, watu wengi sana walikuwa wakiishi kwa kushona viatu.

Hapo ndipo tuonapo kwa mara ya kwanza mwendo ambao haujakoma hata leo. Ngozi yaondoka hapa ikiwa ngumu na chafu, yapita katika mikono ya watu wengine, na kila mkono waipandisha thamani. Kisha yarudi kwetu ikiwa kiatu, mkoba au mshipi, nasi twainunua kwa bei ambayo mwenye ng'ombe hakuiota.

Dar es Salaam yenyewe ilianzishwa na Sultani Majid bin Said katika miaka ya 1860, na mwaka 1891 Wajerumani wakaufanya mji huo makao ya serikali yao. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ilipita katika nchi za wafugaji, na ngozi za Ugogo na Unyamwezi zikapata njia rahisi ya kufika baharini. Wakati huo huo magome ya mikoko ya Rufiji yalikatwa na kupakiwa melini kwenda Ulaya, kwa sababu yana dawa kali ya kusindika ngozi. Wanachama wenzetu na waupime mwendo huo. Ngozi ilitoka bara kwa garimoshi, na dawa ya kuisindika ilitoka Rufiji kwa jahazi. Vitu viwili vilivyohitajiana vilizaliwa katika nchi moja, lakini vilikutanishwa Ulaya.

Chini ya Waingereza mambo yalikuwa karibu na hayo. Mwaka 1949 ilianzishwa kampuni ya kupanda miwati huko Njombe, na magome ya mti huo, ambao asili yake ni Australia, yakawa dawa iliyouzwa nchi nyingi. Idara ya Mifugo nayo ilifanya kazi kubwa ya kuwafundisha watu wasiianike ngozi chini juani, bali waiwambe katika fremu ya miti chini ya kivuli, upepo upite pande zote mbili. Ngozi ianikwayo juu ya mchanga wenye joto huungua kwa ndani ingawa kwa nje yaonekana nzima, na ikitiwa majini kiwandani huachana kama karatasi iliyolowa. Fundisho hilo lilikuwa jema, na wazee wengi wangali wanayakumbuka mabanda ya kuwambia ngozi.

ZAMA ZA VIWANDA

Baada ya Uhuru nchi ilikusudia kuukata mwendo huo wa zamani. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwezi wa Februari 1967, kampuni ya viatu ya Bata ilikuwa miongoni mwa zile ambazo Serikali ilitwaa sehemu kubwa ya hisa zake. Katika miaka ya 1970 vilikuwapo viwanda vya kusindika ngozi Moshi, Morogoro na Mwanza. Nia ilikuwa njema, na hakuna mzalendo awezaye kuilaumu.

Lakini habari za kiwanda kimoja hatuna budi kuzisimulia, kwa kuwa zina mafunzo kwa kila chama. Kiwanda cha viatu cha Morogoro kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kwa makusudi ya kutoa jozi milioni 4 za viatu kila mwaka, na sehemu kubwa ya viatu hivyo iuzwe Ulaya. Kilikuwa na mashine za kisasa za kila namna. Kuta zake zilikuwa za bati la alumini, na nafasi za kupitisha hewa hazikutosha kwa joto la nchi yetu. Mashine ziliharibika na vipuri havikupatikana, na mali ya kufanyia kazi haikufika kwa wakati wala kwa ubora uliotakiwa. Kiwanda hicho hakikupata kutoa hata sehemu 5 katika 100 za uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa.

Hatusemi haya ili kuidharau mashine. Kiwanda chaweza kushona jozi elfu kwa siku, ila hakiwezi kumchunia mfugaji ng'ombe wake, wala kuiwamba ngozi kijijini, wala kuziba tundu lililotobolewa na kisu cha haraka. Kazi zinazofanyika kabla ya mlango wa kiwanda ni kazi za watu wengi wadogo waliotawanyika, na watu wadogo waliotawanyika wasipoungana na kufundishwa, hapana mashine iwezayo kuwaokoa.

Katika miaka ya 1990 viwanda vya umma vilibinafsishwa, na vingi vikalala. Viatu vya mitumba na viatu vya plastiki vikajaa masokoni. Tangu wakati huo pamekuwa na jitihada mpya: Serikali imetoza ushuru ngozi ghafi ziendazo nje ili zisindikwe nchini, sheria ya biashara ya ngozi ikapitishwa mwaka 2008, mafunzo ya teknolojia ya ngozi yakaendelezwa katika kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, na huko Karanga, Moshi, kikajengwa kiwanda kipya cha bidhaa za ngozi kwa ubia wa Magereza na mfuko wa hifadhi ya jamii.

MWANANYAMALA NA KAZI YA JIONI

Katikati ya habari hizo kubwa, Mwananyamala yetu ni mahali padogo. Zamani palikuwa mashamba na vichaka nje ya mji. Wazee husimulia kwamba jina lenyewe ni la Kizaramo, nalo lamaanisha mtoto nyamaza, maneno ambayo mama alimwambia mwanawe alipopita naye njia ya hatari. Leo nyumba zimesongamana, na hospitali ya hapa yajulikana jiji zima. Lakini ufundi wa ngozi haujaondoka. Barazani na chini ya miti waketi mafundi viatu, kila mmoja na kisanduku chake, nyundo yake, nta yake na msharasi wake. Kwao hao ndiko sisi tulikojifunza kushika sindano. Twasema hivyo kwa shukrani, kwa sababu fundi hakuchelea kwamba tutamnyang'anya riziki, naye aliona fahari kwamba mtu aliyeshinda ofisini au dukani ataka kujua mkono wake wafanyaje.

Katika nchi za mbali watu wengi hushona ngozi kwa burudani, na jambo walipendalo sana, khasa Marekani, ni ala za bastola. Tangu Samuel Colt alipopata hati ya bastola yake ya kuzunguka mwaka 1836, mtu aliweza kuichukua silaha ya risasi kadhaa kiunoni, na kila bastola ikataka ala yake. Huko California, katika miaka ya 1950, askari polisi mmoja aitwaye John Bianchi alianza kushona ala hizo nyumbani kwake baada ya zamu, na kazi hiyo ya jioni ikaja kuwa kampuni kubwa iliyojulikana duniani. Kwetu bastola ni silaha ya kibali, na mwenye nayo ni mtu mmoja kati ya maelfu. Lakini panga kila nyumba inalo, na kila mkulima wa kahawa au wa matunda ana mkasi. Ufundi ni ule ule, tofauti ni kile kinachotiwa ndani, na makali ya panga lisilo na ala yameumiza watu wengi katika mabasi, juu ya baiskeli na mikononi mwa watoto.

Tueleze kwa ufupi jinsi kazi inavyofanyika, ili mwanachama apendaye naye aweze kujaribu. Ngozi ya ala yafaa iwe imesindikwa kwa magome ya miti, kwani hiyo ikilowekwa hukubali kufinyangwa, na ikikauka hushika umbo. Ngozi iliyosindikwa kwa chumvi za kromu ni laini, yafaa kwa viatu na mikoba, lakini ala yake hulegea. Unene wa milimita 3 watosha. Kata vipande viwili kwa kufuata umbo la kisu na kuacha nafasi pembeni, kisha weka katikati ya kingo zake ukanda mwembamba wa ngozi. Ukanda huo ni mlinzi wa uzi, kwa maana bila huo makali ya kisu yatakata mshono siku ya kwanza.

Chora mstari, toboa matundu kwa msharasi, kama matano au sita katika kila inchi. Chukua uzi wenye urefu wa mara nne ya mstari na zaidi kidogo, uupake nta ya nyuki, na kila ncha uitie sindano yake. Sindano ya kulia ipite katika tundu kwenda kushoto, na sindano ya kushoto ipite katika tundu lilo hilo kuja kulia, kisha zivutwe zote mbili kwa nguvu sawa. Hivyo kila tundu hupitiwa mara mbili, na kila mshono husimama wenyewe. Mashine haifanyi hivyo. Mashine ina nyuzi mbili, moja juu na moja chini, zinazoshikana katikati ya ngozi. Uzi mmoja ukikatika, jirani zake hulegea, na baada ya muda mstari mzima huweza kufumuka. Mshono wa sindano mbili ukikatika mahali pamoja, mishono ya kulia na ya kushoto hubaki mahali pake. Mwanachama wa ushirika hahitaji kuelezwa zaidi maana ya jambo hilo.

Mshono ukiisha, loweka ala kwa muda mfupi, tia kisu kilichopakwa mafuta na kufungwa katika karatasi ya nailoni, ufinyange kwa vidole mpaka umbo la kisu lionekane, kisha acha ala ikauke kivulini. Wala kisu kisilazwe ndani ya ala kwa miezi mingi, kwani ngozi huvuta unyevu na chuma hushika kutu. Ala ni ya safari na ya kazi. Nyumbani kisu kikae nje.

KOVU LISILOFUTIKA

Sasa twafika kwenye jambo lililotufanya tuombe kurasa hizi. Ashonaye kwa mkono huikagua ngozi kwa karibu kuliko mtu mwingine yeyote. Huiweka mbele ya taa, huipindua, hupitisha kidole katika kila inchi. Na tunapokagua ngozi ya nchi yetu, twasoma humo maisha yote ya mnyama na matendo yote ya watu. Pale ubavuni, mahali pazuri kuliko pote, pana chapa ya moto kubwa kama sahani. Pale mgongoni pana mistari ya miiba na ya fimbo. Hapa kupe walitoboa. Na hapa, na hapa, na hapa tena, ni alama za kisu cha mchunaji aliyekuwa na haraka. Katika upande mzima wa ngozi, mara nyingine twapata kipande safi cha ala mbili tu. Kilichobaki ni vipande vya kutengenezea kamba.

Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, nayo ni miongoni mwa nchi za kwanza katika Afrika kwa wingi wa mifugo. Hata hivyo mtu atakaye ngozi safi ya kushonea ala hapa mjini, aghalabu huambiwa atafute mikoba mikuukuu ya mitumba aifumue, maana ngozi yake ni bora. Jambo hilo latuumiza. Ng'ombe wa Ulaya hana ngozi bora kuliko ng'ombe wa Sukuma au wa Ugogo. Tofauti ni matunzo.

Na kwa nini matunzo hayapo? Si kwa sababu mfugaji ni mvivu au mjinga. Ng'ombe huuzwa mnadani akiwa mzima, kwa kutazamwa nyama yake. Mchinjaji hulipwa kwa kichwa, siyo kwa usafi wa ngozi. Ngozi yenye kovu na ngozi isiyo na kovu mara nyingi zapimwa pamoja, na bei yake haimrudii kamwe yule aliyemlinda mnyama miaka mitano asichomwe ubavuni. Mtu hawezi kutunza kitu ambacho matunzo yake hayalipwi.

Wakulima wa kahawa waliwahi kuwa katika hali hiyo hiyo. Kabla ya ushirika, kila mmoja aliuza kidogo chake kwa mnunuzi aliyemjia, na kahawa safi na chafu zilitiwa katika gunia moja. Sheria ya Ushirika ilipotoka mwaka 1932, na Chama Kikuu cha Ushirika cha Wenyeji wa Kilimanjaro kilipoandikishwa mwaka 1933, kilichobadilika hakikuwa udongo wala mibuni. Kilichobadilika ni kwamba mazao yalikusanywa pamoja, yakapangwa kwa madaraja, na aliyeleta safi akajua kwamba usafi wake umeonekana. Mazao mengine ya nchi yetu yalifuata njia hiyo, hata vyama vikuu vilipovunjwa mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Ngozi kwa sehemu kubwa ilibaki nyuma. Imeachwa mikononi mwa mpita njia mwenye mizani yake mwenyewe.

Kwa hiyo twawaomba viongozi na wanachama wayatafakari mambo matatu. La kwanza ni chapa. Wafugaji wetu na wapige alama mashavuni, au miguuni chini ya goti, wala si ubavuni wala mgongoni. Jambo hili halina gharama hata senti moja. La pili ni uchunaji. Wachunaji wa machinjio ya vijijini wafundishwe kuanza kwa kisu chenye ncha ya mviringo, kisha kuisukuma ngozi kwa ngumi badala ya kuikwangua kwa makali, na kuitia chumvi au kuiwamba kivulini siku hiyo hiyo. La tatu ndilo kubwa. Chama kipokee ngozi kwa madaraja, hata kama ni chache kwa kuanzia, na tofauti ya bei imfikie aliyeitunza. Mambo mawili ya kwanza yatadumu ikiwa la tatu litafanyika. Lisipofanyika, yatakuwa mahubiri tu.

Sisi tushonao jioni hatuwezi kuzinunua ngozi zote za chama. Ala zetu ni chache, na kila moja huchukua siku kadhaa. Lakini twaweza kuwa macho ya chama. Mletee mshonaji wa mkono ngozi yoyote, naye baada ya nusu saa atakuambia imekosewa wapi: kama ni malishoni, machinjioni, au katika kuanikwa. Na kijana wa mwanachama atakayejifunza kushona ala ya panga la babaye, huyo hatamchoma tena ng'ombe ubavuni, kwa sababu atajua ni nini kinachoungua.

Miaka 2000 iliyopita msharasi uliletwa katika pwani hii kwa merikebu. Leo twaupata kwa bei ndogo katika duka lolote la vifaa vya viatu, na ng'ombe wako malishoni mwetu, na miwati iko Njombe, na nta ya nyuki iko Tabora. Hakuna kilichopungua ila kuviunganisha. Hiyo ndiyo kazi ya mshono, nayo ndiyo kazi ya ushirika. Twakitakia Chama Kikuu chetu heri kwa miaka kumi iliyokwisha, na kwa miaka kumi ijayo twaomba ngozi ipewe nafasi yake katika mizani.